Kubadilisha shokapu za nyuma za Prado nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu hasa Toyota Prado za toleo la 90 (1996–2002) na la 120 (2002–2009), ambazo nyuma zina ekseli moja ngumu, springi za koili, na shokapu iliyosimama peke yake pembeni. Land Cruiser 80 ina mpangilio wa namna hiyohiyo. Wenye pikapu, gari lenye springi za hewa au gari ambalo springi yake imeizunguka shokapu wasome kwanza sehemu ya mwisho.

## Kabla ya kushika spana

Shokapu inafanya kazi gani hasa?

Inatuliza springi. Tairi likipanda jiwe, springi inabonyea, kisha inataka kurudi na kuendelea kupanda na kushuka. Ndani ya shokapu kuna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye matundu madogo na vali. Mafuta yanakataa kupita haraka, na ukaidi huo ndio unaomaliza mtikisiko. Nguvu iliyokuwa kwenye mtikisiko inageuka kuwa joto, ndiyo maana shokapu inayofanya kazi hupata moto kwenye barabara mbaya.

Haibebi uzito wa gari. Uzito unabebwa na springi. Ukilielewa hili, maswali mengi yanayofuata yatajijibu.

Nitajuaje kama zimekufa?

Anza na macho. Ingia chini ya gari likiwa limesimama kwa matairi yake na utazame mwili wa shokapu. Ukungu mwembamba wa mafuta karibu na sili ya juu (raba inayozuia mafuta yasivuje) si tatizo. Mafuta yaliyotiririka mpaka chini, yakashika vumbi na kuwa tope jeusi, maana yake sili imekwisha. Tazama pia kama mwili umebonyea, kama fimbo inayoingia na kutoka imepinda au ina mikwaruzo, na kama bushi ya chini, yaani raba iliyo ndani ya jicho la kufungia, imepasuka.

Dalili nyingine utaziona barabarani. Gari linaendelea kunesa baada ya tuta. Sehemu ya nyuma inahama pembeni kwenye kona yenye rasta, yaani vimatuta vidogo vinavyofuatana barabarani. Tairi la nyuma linaliwa kwa mabonde mabonde badala ya kulika sawasawa.

Kuna kipimo cha mafundi wa magari ya watalii ambacho nakiamini kuliko kubonyeza bampa kwa mikono, maana Prado ni zito na springi zake ni ngumu. Endesha nusu saa kwenye barabara ya vumbi yenye rasta, simama, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na kila shokapu bila kuishika, kwa sababu inaweza kuunguza. Ile iliyobaki baridi wakati wenzake ni moto haifanyi kazi.

Gari limelala nyuma. Nikifunga shokapu mpya litainuka?

Hapana. Hilo ni tatizo la springi. Shokapu za gesi zinaweza kusukuma kidogo sana, lakini hazitarudisha kimo kilichopotea. Ukiwa na mpango wa kubadilisha springi pia, zifanye zote pamoja, kwa sababu shokapu lazima zifunguliwe ili springi zitoke.

Zimekufa, lakini gari linatembea. Naweza kusubiri?

Mjini, kwa mwendo wa pole, siku chache si balaa. Ila usijidanganye kwamba hasara ni kunesa tu. Tairi linalorukaruka haligusi barabara wakati wote, na tairi lisilogusa barabara halifungi breki wala halifuati usukani. Ukikanyaga breki kali kwenye changarawe ukiwa na familia ndani na mizigo nyuma, hapo ndipo ubovu wa shokapu unajitokeza. Kama una safari ndefu mbele yako, badilisha kabla hujaondoka.

Mtu asiye fundi anaweza kweli?

Anaweza. Kila upande una nati moja juu na boliti moja chini. Hakuna kufungua breki, hakuna kubana springi, hakuna kompyuta. Ugumu wa kazi hii ni kutu, na hatari yake ni gari kukuangukia. Ukiwa na subira kwa la kwanza na heshima kwa la pili, nusu siku inatosha. Anayeishi Tanga, Mombasa, Zanzibar au popote penye upepo wa chumvi aongeze muda, na akasome kuhusu boliti iliyoshika kutu hapo chini kabla hajaanza.

## Kununua

Lazima ninunue mbili?

Ndiyo, kila mara. Shokapu mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hufanya ekseli itulie kwa nguvu mbili tofauti, na gari litavuta vibaya kwenye kona na kwenye breki. Za mbele si lazima zibadilishwe siku hiyohiyo, lakini kama zina umri sawa na za nyuma, zikague.

Nichague za mafuta au za gesi?

Zote zina mafuta. Zinazoitwa za gesi zina nitrojeni pia, ambayo inayabana mafuta yasitoe povu yakipata moto. Povu likiingia, pistoni inapita kwenye hewa badala ya mafuta, na shokapu inalegea katikati ya safari kisha inajirudi ikipoa. Kwa mtu wa lami na matuta ya mtaani, za mafuta tupu zinatosha na ni laini. Kwa anayepita barabara kama ile ya kushuka Ngorongoro kuelekea Serengeti, ambako rasta hazikatiki kwa kilomita nyingi, chukua za gesi.

Za gesi nazo ziko za mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, na za mrija mmoja wenye gesi ya shinikizo kubwa. Za mrija mmoja hupoa haraka zaidi kwa kuwa mafuta yanagusa ukuta unaopigwa na upepo. Udhaifu wake ni kwamba jiwe likibonyeza ukuta huo, pistoni inakwama. Kwa matumizi ya kawaida ya Prado, mirija miwili yenye gesi ndiyo chaguo langu.

Za mtumba je?

Usinunue. Shokapu ya mtumba ni shokapu iliyokwishatumika kwa kiasi usichokijua, na kuifuta mafuta na kuipaka rangi nyeusi ni kazi ya dakika kumi. Kama bajeti imebana, afadhali mpya za chapa ya bei ya kati.

Nitatambuaje bandia?

Chapa zinazopendwa, kama KYB (wengi wanaiita Kayaba), Monroe na Tokico, ndizo zinazoigwa zaidi. Ukiwa Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, usikubali kuuziwa kwa jina la gari peke yake. Nenda na namba ya spea, au nenda na chesisi namba ili muuzaji aitafute. Namba iliyo kwenye kasha ifanane na iliyogongwa au kubandikwa kwenye shokapu. Tazama maandishi kama yamefifia au yana makosa ya herufi. Fungua kasha: lazima uwe na raba za juu, washa na nati mpya, na fimbo ing'ae bila alama yoyote. Kisha isimamishe dukani na uisukume ndani mara nne au tano. Inatakiwa ikatae kwa mfululizo, bila sehemu ya katikati inayopwaya. Muuzaji anayekuzuia kuipima, mwache.

Gari langu limeinuliwa. Shokapu za kawaida zitafaa?

Kwa gari lililoinuliwa kiasi cha sentimita 5 kwa springi ndefu, hapana. Shokapu ya kawaida itafika mwisho wa fimbo kila tairi linaponing'inia kwenye korongo, na itajing'oa yenyewe. Nunua zilizotengenezwa kwa kimo hicho. Kosa la kinyume chake ni baya vilevile: shokapu ndefu mno kwenye gari la kimo cha kawaida itagonga mwisho wa ndani kabla ekseli haijafika kwenye raba yake ya kuzuia, na hapo chuma kinapiga chuma.

## Kazi yenyewe

Nahitaji vifaa gani?

Soketi na ringi spana. Nyingi ya nati hizi ziko kati ya milimita 14 na 19, lakini zijaribishe kwenye gari lako kabla hujaanza. Mpini mrefu wa soketi. Spana ndogo au praizi ya kujifunga kwa ajili ya ncha ya pini, yaani sehemu ya juu ya fimbo yenye nyuzi za nati. Brashi ya waya, nyundo, dawa ya kutu kama WD-40, grisi kidogo, miwani ya kukinga macho. Kama utalipandisha gari, jeki imara na stendi mbili. Matofali si stendi. Tofali la saruji linapasuka ghafla bila kutoa onyo.

Lazima nilipandishe gari?

Si lazima, na hili wengi hawalijui. Kwa kuwa springi ndizo zinazobeba uzito, gari linabaki limesimama hata shokapu zikitoka. Prado lina nafasi ya kutosha chini kwa mtu mwembamba kufanya kazi likiwa kwenye matairi yake, juu ya sakafu ngumu na tambarare. Ndiyo njia salama kuliko zote, nami naipendekeza kwa anayeanza.

Kinachosumbua ni nati ya juu, ambayo imejificha kati ya chesisi na bodi. Kutoa tairi kunafungua nafasi ya kuifikia. Ukiamua hivyo, pandisha ekseli kwa jeki na uweke stendi chini ya ekseli yenyewe, kila upande, siyo chini ya chesisi. Kwa njia hiyo uzito wa gari unabaki juu ya springi. Ukiinua kwa chesisi, ekseli inaning'inia, na kwenye gari la koili shokapu ndizo zinazoizuia isishuke kupita kiasi. Ukizitoa zote mbili katika hali hiyo, ekseli inaweza kuvuta hozi ya breki na waya wa ABS, na springi zikatoka mahali pake.

Zuia matairi ya mbele kwa mawe au kabari, mbele na nyuma yake. Breki ya mkono ya magari haya inashika matairi ya nyuma, kwa hiyo ukishayapandisha haizuii kitu. Herufi P ya gia nayo haitoshi: kama wenzo wa 4x4 umekaa kwenye N, gari linaweza kujiendea ingawa gia iko P. Hakikisha hauko hapo.

Kisha lisukume gari kwa nguvu ukiwa umesimama nje. Likicheza, shusha uanze upya.

Naitoaje ya zamani?

Fanya upande mmoja mpaka uishe, ndipo uende wa pili. Upande ambao hujaugusa unashikilia ekseli na unakuonyesha vitu vilivyopangwa.

Sugua nyuzi za juu na za chini kwa brashi ya waya na uzipulizie dawa ya kutu, jioni ya siku iliyotangulia kama unaweza. Anza na nati ya juu huku boliti ya chini ikiwa bado imefungwa, ili mwili wa shokapu usizunguke. Itoe nati, washa na raba ya juu. Kisha toa boliti ya chini, vuta jicho litoke kwenye mkono wake ulio kwenye ekseli, bonyeza shokapu kwa ndani na uishushe. Ya gesi iliyo nzima itajisukuma kurefuka, kwa hiyo usiweke uso mbele yake.

Nati ya juu inazunguka pamoja na pini. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote. Ncha ya pini ina sehemu mbili bapa kwa ajili ya kuishika kwa spana ndogo huku ukizungusha nati kwa ringi. Zikiwa zimelika, vua au kata kava la vumbi na ushike fimbo yenyewe kwa praizi ya kujifunga. Kwenye shokapu mpya hilo ni mwiko, kwa kuwa mkwaruzo mmoja unaua sili, lakini hii inakwenda kutupwa.

Ikikataa kabisa, kuna grinda. Kata nati kwa upande, siyo pini chini ya nati, ili cheche zielekee mbali na tangi la mafuta na mabomba ya breki. Funika vitu hivyo kwa gunia lililoloweshwa maji na uwe na mtu mwenye ndoo ya mchanga. Usikate mwili wa shokapu wala kuuchoma kwa moto wa gesi. Una mafuta na shinikizo ndani yake.

Boliti ya chini imeshika kutu haitoki.

Nati ikitoka lakini boliti haitoki, kilichoshika ni bomba la chuma la ndani ya bushi. Rudishia nati nyuzi chache ili kuzilinda, kisha gonga kwa nyundo huku ukipulizia dawa tena na tena. Jaribu kuizungusha kichwani, kukaza kidogo halafu kulegeza, badala ya kuvuta upande mmoja tu kwa nguvu zote mpaka ikatike. Nimewaona watu wakimaliza saa nzima hapa na boliti ikatoka nzima. Subira hiyo ni rahisi kuliko kutafuta boliti yenye ugumu uleule. Usiibadilishe kwa boliti laini ya dukani.

Shokapu mpya inafungwa moja kwa moja?

Ya mirija miwili inataka kuamshwa kwanza. Ikilala kwenye kasha, gesi au hewa inaingia mahali pa mafuta. Isimamishe kama itakavyokaa kwenye gari, ibonyeze mpaka mwisho, iache ipande, rudia mara nne au tano mpaka isiwe na sehemu ya kupwaya, na baada ya hapo usiilaze tena. Ya mrija mmoja haihitaji.

Kama imefungwa mkanda wa kuibana, usiukate kabla pini haijaingia kwenye tundu lake la juu.

Naifungaje, na nikaze kiasi gani?

Juu kwanza. Mpangilio kutoka chini kwenda juu ni washa, raba, bamba la chesisi, raba, washa, nati. Upande wa raba wenye kingo unaingia ndani ya tundu la bamba. Fuata picha iliyo ndani ya kasha, kwa sababu chapa nyingine zina kibomba kidogo cha katikati. Anzisha nati kwa vidole, kisha shuka chini, linganisha jicho na mkono wake, na uingize boliti ukiwa umeipaka grisi kidogo mwilini.

Nati ya juu inakazwa mpaka raba zijitanue kufikia upana wa washa, au mpaka kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Ukizidisha, raba zinapasuka. Ukipunguza, zinagonga. Kwa boliti ya chini, kanuni muhimu ni kuikaza mwisho uzito wa gari ukiwa juu ya springi. Raba ya bushi inashikwa katika mkao uliokazia. Ukikaza ekseli ikiwa imening'inia, bushi itaishi ikiwa imesokotwa na itachanika mapema.

Usitumie mashine ya hewa kwenye nati ya juu. Inazungusha fimbo ndani ya sili.

## Baada ya kufunga

Gari limekuwa gumu. Nimekosea?

Pengine ulikuwa umezoea gari lisilo na shokapu. Lipe safari kadhaa sili zilainike. Kama bado linapiga kama mkokoteni, pima upepo wa matairi, kisha hakikisha hukuuziwa shokapu za mzigo mzito.

Nasikia kugonga nyuma.

Karibu kila mara ni nati ya juu haijakazwa sawasawa au raba moja imekaa vibaya. Kagua hapo kwanza, halafu boliti ya chini. Rudia kuzikaza zote baada ya safari ya kwanza ya barabara mbaya, hata kama husikii kitu.

Nahitaji kupima alaimenti?

Hapana, si kwa shokapu za nyuma za ekseli ngumu.

Za zamani nizifanyie nini?

Usizitupe kwenye moto wa takataka wala kumpa muuza vyuma chakavu zikiwa na shinikizo, kwa sababu atakayezikata au kuziyeyusha ni yeye na wanawe. Za gesi hutobolewa kwa drili na tundu dogo, miwani ikiwa machoni na uso ukiwa pembeni. Gesi yenyewe haina sumu, lakini inaruka na chembe za chuma. Sehemu ya kutoboa hutofautiana kwa aina, hivyo fuata maelezo ya mtengenezaji, na kama huna, mpe fundi. Mafuta yaingie kwenye dumu pamoja na oili chafu ya injini, yasimwagwe mtaroni.

## Magari mengine na hali za pekee

Nina pikapu yenye springi za vyuma bapa. Tofauti ni ipi?

Kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa springi hizo zinaishikilia ekseli zenyewe. Angalia jambo moja: kwenye pikapu nyingi, Hilux ikiwemo, shokapu moja hukaa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, ili kuzuia ekseli isijisokote. Usidhani mwenye gari kabla yako alikosea ukazipanga upya.

Prado langu lina swichi ya kuchagua laini au gumu.

Basi shokapu zako zina mota ndogo juu, yenye waya. Chomoa plagi na utoe mota kabla ya kugusa nati. Ukifunga shokapu za kawaida, gari litatembea vizuri lakini swichi haitakuwa na kazi, na taa inaweza kuwaka kwenye dashibodi.

Lina springi za hewa nyuma?

Zima mfumo wa kimo kwa swichi yake kabla ya kuanza na usiinue gari ukiwa umeuacha umewashwa. Baadhi ya Land Cruiser 100 zina mfumo wa mafuta yenye shinikizo badala ya shokapu za kawaida. Huo usiufungue nyumbani.

Springi imeizunguka shokapu.

Kama ilivyo nyuma ya Forester za kabla ya 2008. Hapo unahitaji kifaa cha kubana springi, na springi iliyobanwa ikichomoka inaua. Unaweza kutoa kitu kizima mwenyewe na kukipeleka gereji kikabadilishwe, kisha ukakifunga nyumbani.

Shokapu imekatika porini na sina nyingine.

Itoe. Ikining'inia itapiga tairi au kukata bomba la breki. Pakia nati na boliti zake kwenye mfuko, punguza upepo wa matairi kidogo na uende pole. Kwenye gari la koili, vuka mitaro kwa mwendo wa mguu, tairi moja moja, kwa sababu hakuna kinachoizuia ekseli upande huo. Kila ukisimama, pima joto la zile zilizobaki kwa namna iliyoelezwa kwenye swali la kujua kama zimekufa. Zikiwa moto kupita kiasi, pumzika mpaka zipoe, maana sasa zinafanya kazi ya iliyokatika pia.